Nusu saa kichwani, lakini nyumbani kwa nani?

Nina mteja ambaye sitamtaja jina. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, alianza kuja saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, hata siku ambazo hana nywele za kutengeneza. Mumewe ni mvuvi wa Kibirizi. Miezi ile mitatu mzee alishinda nyumbani, na nyumba ikawa ndogo. Mama huyu akifika aliniomba jambo moja tu: "Dada, niweke kwenye draya." Nywele kavu, zimesukwa tangu juzi! Namweka, nawasha upepo usio wa moto, anafumba macho. Nusu saa hivi. Halafu anajifunga kilemba, anaaga, anaondoka.

Mimi nilisema ana mawazo, kama tunavyosema sote. Ni muuguzi aliyekuja kumwambia kwamba ile ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Nimemkumbuka kwa sababu mdogo wangu anayesoma Dar amenitumia habari za kifaa cha kutibu sonona kwa umeme, mgonjwa akiwa kwake. Kinavaliwa kichwani, mfano wa hedifoni iliyoteleza ikakwama kwenye paji la uso. Kinapitisha umeme wa miliampia 2 kwa dakika 30, basi. Najua umeme ukitajwa pamoja na kichwa, mtu wa hapa anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ile ya hospitali ni nyingine kabisa: mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, na umeme unatiwa hadi ubongo upate degedege la muda mfupi. Hii ya nyumbani mtu yuko macho, anaweza kuendelea kusoma meseji zake. Atahisi kama anatekenywa au kuwashwa, ngozi itakuwa nyekundu kidogo, na asipokuwa mwangalifu inaweza kuungua. Umeme huo haulazimishi seli za ubongo kufanya kazi. Unazifanya ziwe nyepesi kuamka, hasa upande wa mbele kushoto, ambako wataalamu wanasema kwa wengi wenye sonona kumezubaa.

Wavuvi wetu hawawezi kulishangaa wazo lenyewe. Tanganyika ina kambale wake wa shoti, na jamii ya samaki hao inaweza kufikisha volti 350. Aliyewahi kumshika kwa mkono mtupu hahitaji kusimuliwa. Na huko Roma, karne ya kwanza, tabibu Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki wa shoti wa baharini pale panapouma. Kwa hiyo watu wa zamani hawakuwa wajinga, walikosa tu cha kupunguzia makali.

Je, kinatibu? Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa watu 174 wa Uingereza na Marekani, uliochukua wiki 10. Walivaa mara tano kwa wiki kwa wiki tatu za mwanzo, kisha mara tatu. Waliopata umeme halisi, karibu 45 kati ya kila 100 dalili zao zilishuka hadi wakahesabiwa wametoka kwenye sonona. Waliovalishwa kifaa cha kuigiza, 22. Mdogo wangu alinitumia hiyo. Ambayo hakunitumia ni ile ya Brazil, mwaka huohuo, watu 210, wiki 6: nayo haikuona tofauti yoyote ya maana. Kwa hiyo kwangu mimi hukumu bado. Sikikatai, wala siuzi cherehani nikinunue.

Ila hata kama kingetibu watu wote 100, mimi nimekwama kwenye neno "nyumbani". Nyumbani kwa nani? Waliokitengeneza walimfikiria mtu mwenye chumba, chumba chenye mlango, na mlango ambao akiufunga hakuna anayeuliza. Njoo Ujiji. Ua mmoja, familia tatu, watoto wanaingia bila hodi, shemeji amelala sebuleni. Mama wa watu akae na mkanda wa plastiki kwenye paji, mara tano kwa wiki, anatazama ukuta. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya tatu mtaa mzima utajua, mmoja atasema majini, mwingine atasema Frimasoni, na ikifika Ijumaa wifi ameshamleta mtu wa kumsomea. Hapo sonona haijapata hata nafasi ya kupungua.

Ndiyo maana nasema, na sitanii, vifaa hivi vikifika Kigoma visipelekwe majumbani. Vipelekwe mahali ambapo mwanamke akikaa nusu saa na kitu kichwani hakuna anayegeuka kumtazama, na mahali hapo panajulikana. Muuguzi wa zahanati awe anapita, anaangalia ngozi, anauliza hali, anaandika kwenye daftari. Waliofikia kuwaza kujidhuru hao wasiambiwe habari za kifaa wala draya. Wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, wasiachwe peke yao. Hata ule utafiti wa Uingereza na Marekani haukuwachukua.

Na kuna jambo linanitisha. Mafundi redio wetu wakisikia kwamba ni betri na nyaya mbili tu, Jumatatu utakuta kimeshatengenezwa sokoni kwa betri ya volti 9. Huko nje wapo waliojitengenezea hivyohivyo. Jamani, tofauti ya dawa na kidonda hapa ni kipimo, na kipimo hakionekani kwa macho.

Wiki iliyopita yule mama alikuja, safari hii kuosha na kuseti kweli. Nikamweleza habari zote, miliampia, paji la uso, wiki 10. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kinapiga kelele. Nikamwambia hapana, kiko kimya kabisa.

"Basi mimi niachie draya," akasema. "Nikiwa humo siwasikii."

Nikampandishia upepo.