Kabla hujainyanyua pikapu, pima goti la mama

"Kama huu ni mkarafuu sema, niletewe ngazi."

Mama yangu huyo, mkono mmoja kashika mlango wa pikapu, wa pili kakusanya buibui lake. Ilikuwa saa moja asubuhi, nje ya nyumba yetu Konde, huku Pemba, safari ya Wete. Gari nilikuwa nimeinyanyua wiki ile ile, yaani nimeipandisha bodi juu zaidi ya magurudumu, na mpaka dakika ile nilikuwa najiona bingwa. Vijana waliokaa barazani walicheka hata mmoja akajimwagia kahawa. Niliingia ndani nikatoka na kigoda cha jikoni. Mama akapanda, akakaa, akatengeneza mtandio wake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na kushuka je, mwanangu?"

Tangu siku ile kila kijana anayenunua pikapu huku kwetu ananijia na swali moja: "Ami, niweke inchi ngapi?" Nami huwauliza, gari yako inampakia nani, na inabeba nini? Wengi hawalipendi swali langu. Wametaka namba, mimi nawapa kazi ya kufikiri. Lakini msimamo wangu ndio huo na siubadilishi: kwa gari ya kutembelea kila siku, urefu ni jambo la mwisho kuchagua. La mwanzo ni uzito.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux, zile za toleo la Vigo, milango minne. Mbele ina springi za koili na kila gurudumu linacheza peke yake. Nyuma ina ekseli nzima, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, iliyokaliwa na springi za bapa. Siku za kazi inapeleka watoto skuli, inakwenda sokoni, inampeleka mama kliniki. Msimu wa karafuu ukiingia, kuanzia mwezi wa saba hivi, inageuka punda: wachumaji, ngazi, majamvi, na magunia ya karafuu mbichi kutoka shamba hadi uani. Njia ya shamba ndiyo iliyonitia mawazoni. Upande huu wa Pemba ni vilima na mabonde, udongo unaoteleza kama sabuni ukilowa, na masika yakishapita malori huwa yameshachimba makorongo mawili na kuacha tuta katikati. Tuta lile lilikuwa linalisugua tumbo la gari yangu kila safari. Ukienda Micheweni hadithi ni nyengine, kule ni maweni, jiwe limesimama kama meno ya papa.

Kwa hiyo sababu nilikuwa nayo. Lakini nisiwe mnafiki: nilitaka pia ipendeze.

Nikafanya kama wanavyofanya wengi. Nilinunua spesa za chuma za kuweka juu ya shokapu za mbele, na nyuma nikabadilisha vile vishikizo vya springi nikaweka virefu zaidi. Fundi, jina namsitiri, alizifunga kwa siku moja kwa jeki mbili na maneno mengi. Mbele ilipanda inchi tatu. Hapo pana hesabu ambayo wengi hawaijui: spesa haihitaji kuwa na unene wa inchi tatu ili gari ipande inchi tatu. Shokapu imefungwa katikati ya amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu; gurudumu lipo mwishoni, kwa hiyo spesa ya inchi moja juu ya shokapu hunyanyua karibu inchi mbili kwenye gurudumu. Ukiiona spesa mkononi unaiona kidogo, unasema ah, hii kitu gani. Subiri ifungwe.

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo fundi hakunambia, labda na yeye hakulijua. Gurudumu la mbele lina safari yake, kupanda kiasi na kushuka kiasi, na safari ile imewekewa mpaka na amu zake, boli jointi ambazo ni viungo vya amu, na shafti inayolizungusha. Ukiinyanyua gari kwa spesa hukuongeza safari. Umekihamisha kituo cha kuanzia tu. Ulichokipata juu umekitoa chini. Nikipita tuta la barabarani, gurudumu likishuka upande wa pili, nilikuwa nasikia "ngo!" chini ya miguu yangu, kama mtu kapiga sufuria kwa mwiko. Ni amu zimefika mwisho wake kabla gurudumu halijagusa lami. Kila tuta, ngo. Yalipo matuta mengi mtu huanza kuhesabu.

Usukani nao ukawa mwepesi wa ajabu. Mwanzo nilifurahi. Kisha nikaona kwamba nikitoka kwenye kona haurudi wenyewe, inabidi niurudishe, na kwenye lami iliyonyooka gari inatangatanga kidogo, huku na kule. Pembe za magurudumu zilikuwa zimebadilika, na wili alaimenti, yaani kuzipanga upya pembe hizo, sikufanya. Niliambiwa si lazima. Ni lazima, tena siku ile ile. Kwa gari ya aina hii, ukipita inchi mbili hata alaimenti yenyewe hukwama, boliti za kurekebishia zinafika ukingoni, inabidi ununue amu za juu za aina nyengine. Miezi michache baadaye raba inayofunika sivii jointi, kiungo cha shafti, upande wa kushoto ikapasuka kwa sababu shafti sasa ilikuwa imekaa mshazari mno. Grisi yote ilirukia ndani ya ringi, na mchanga wa njia ya Vumawimbi ukaingia mahali pake. Jointi ikafuata.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia, wallahi. Lililonitoa jasho ni breki.

Ukilala chini ya gari kama yangu, karibu na ekseli ya nyuma utaiona fimbo nyembamba ya chuma. Mwisho mmoja umeshika ekseli, mwisho wa pili umeshika valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Fimbo ile ni mpelelezi wa mzigo. Ukipakia, chesisi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu, inazipunguzia, ili tairi za nyuma zisijifunge zikakugeuza njiani. Sasa wewe umekuja umeipandisha chesisi kwa vishikizo virefu. Fimbo inaona chesisi iko juu, inaamini gari tupu. Ukipakia tani nzima bado inaamini umebeba kidogo kuliko ulichobeba. Mimi nilipakia karafuu mpaka juu ya kebini, nikashuka kilima, nikakanyaga breki kumkwepa mtu na gari lake la ng'ombe. Pua ya pikapu ikainama, nyuma haishiki, gari inakwenda tu. Nilisimama, alhamdulillahi, lakini ng'ombe alinitizama kwa karibu sana.

Dawa yake ni kipande cha chuma cha kuipandisha ile fimbo kwenye ekseli kwa kadiri ulivyonyanyua. Kitu kidogo kisicho na bei. Si kila gari ina valvu ya namna hii, nyingi za karibuni kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya breki, lakini kama yako inayo na fundi wako hakuitaja, mwambie asubiri kwanza. Mwambie pia akuoneshe mipira ya breki na waya za magurudumu wakati gari imenyanyuliwa na gurudumu linaning'inia. Zikiwa zimevutika kama kamba ya nguo, hazijafungwa sawasawa.

Kuna na mtetemo. Nikiondoka tu, gia ya kwanza, gari inatetemeka sakafu nzima kama ina homa, kisha inatulia. Propela ya gari hii, chuma kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, ni vipande viwili na katikati ina beringi. Ukinyanyua nyuma, pembe ya vipande hivyo inabadilika. Ikashushwa beringi ya kati kidogo kwa washa nene, homa ikaisha. Hili lilinichukua wiki mbili kulijua na dakika ishirini kulitengeneza.

Basi nikavua kila kitu. Safari ya pili nilianza na futi ya fundi cherehani. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi unadanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, gari ikiwa tupu, uandike. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida upime tena. Mimi nilitumia saruji, maana mfuko ni kilo 50 na hesabu haina ubishi. Mifuko sita, kilo 300, nyuma ikashuka kiasi cha kukubalika. Mifuko kumi, kilo 500, springi zilikuwa zimeshalala kifudifudi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa tumbo la gari yangu halikuwa linasugua kwa sababu gari ni fupi. Lilikuwa linasugua kwa sababu springi zimechoka na mimi nazibebesha. Ningejua hivi mwanzo, spesa nisingeinunua.

Seti nzuri huuzwa kwa uzito. Watengenezaji wakubwa, hasa wa Australia kama Old Man Emu au Ironman, watakwambia springi hii ya nyuma ni ya gari inayotembea tupu, hii ni ya kilo 300 muda wote, hii ni ya 500. Na mbele vivyo hivyo, ya bampa la kawaida au ya bampa la chuma lenye winchi. Muuzaji asiyekuuliza unabeba kilo ngapi, mkimbie, hata kama ni ndugu yako. Mtego wenyewe uko hapa: ukinunua springi ya kilo 500 kwa tamaa ya msimu, basi miezi mingine yote watoto watarushwa kama bisi kwenye sufuria. Nilichagua ile ya mzigo wa wastani, na msimu wa karafuu nafanya safari mbili badala ya moja. Kuna wanaoongeza mifuko ya hewa juu ya springi za nyuma. Siipendi, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo inakwenda kukandamiza mahali pamoja pa chesisi, na kwenye makorongo yetu chesisi huweza kupinda. Na vile vipande vya chuma vinavyowekwa baina ya ekseli na springi, usiniulize. Ekseli hujikunja ukikanyaga mafuta, na mimi sitaki kitu kinachojikunja chini yangu.

Mara hii nilikwenda na sentimita nne. Koili mpya, shokapu mpya nne, springi mpya za nyuma, yuboliti mpya za kuzifunga springi kwenye ekseli, fimbo ya breki ikapandishwa, alaimenti ikafanywa kabla sijapeleka gari nyumbani. Bei ilikuwa mara nyingi ya spesa, sitaki kusema uongo, na vifaa vilinisubirisha mpaka vikashushwa bandarini Mkoani. Baada ya kilomita 500 nikarudi kukaza yuboliti. Springi mpya hukaa, na yuboliti hulegea. Taa za mbele pia nilizishusha. Pua ikipanda, mwanga unapanda nayo, na usiku barabara zetu zina watu wa Vespa wanaohitaji macho yao.

Vijana hunambia sentimita nne haionekani. Kweli, haionekani. Tuta la njia ya shamba linaiona. Anayetaka inchi sita kwa ajili ya picha, gari yake pesa yake, ila asiitumie kupelekea watoto skuli akaja kunambia inalala kwenye kona. Ukiupandisha uzito juu, kona itakudai.

Na kitu kimoja ambacho hakuna seti ya kunyanyulia inayokipandisha: lile tufe la difu, lenye gia za kugawa nguvu kwa magurudumu, lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ekseli imekaa juu ya tairi, si juu ya springi. Chesisi ipande hadi mawinguni, difu litabaki pale pale na jiwe la Micheweni litalipata pale pale. Hilo hupandishwa na tairi pekee, na tairi ni bahili. Zangu ni za saizi 265/65R17. Nikipanda hadi 265/70R17 kipenyo kinaongezeka milimita 27 hivi, na difu linapata nusu yake, kama milimita 13. Unene wa kidole. Halafu spidi mita itasoma 80 na wewe unakwenda karibu 83, na gari itakuwa nzito kidogo kupanda kilima. Bado najadiliana na nafsi yangu kabla ya masika.

Kigoda cha jikoni sijakirudisha. Kipo nyuma ya siti, kimefungwa kwa kamba ya makumbi. Sentimita nne ni chache kwangu, lakini kwa goti la mama bado ni sentimita nne, na juzi alinambia kama nina pesa nyengine za gari basi nimfungie mkono wa kushikia pale mlangoni, wa chuma, si wa plastiki.