Mdaiwa, mdhamini na wakili: deni la Mwaloni linamwangukia nani?

Mikopo kausha damu, ile ya haraka yenye riba kubwa, imewagawa watu wa Mwanza pande mbili. Upande mmoja unasema waliokopa wameonewa, mikopo ifutwe na wakopeshaji wafungiwe. Upande wa pili unasema dawa ya deni ni kulipa, na anayekimbilia kwa wakili baada ya kula hela za watu ni mwizi aliyevaa sheria. Mimi ni wakili na wanaodaiwa wanakuja ofisini kwangu, kwa hiyo msomaji atanihesabu upande wa kwanza. Nipo huko, kwa sehemu kubwa. Lakini upande wa pili una hoja moja ambayo sisi mawakili hatujaijibu sawasawa, nayo inamhusu mtu ambaye mjadala huu unamsahau: mdhamini.

Wenzetu wa Marekani wanao mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni kuwatetea watu wa kawaida walioelemewa na madeni. Sheria yao ya kufilisika ya mwaka 1978 inampa mtu binafsi milango miwili mikubwa. Kwa Sura ya 7, mali isiyolindwa na sheria inauzwa, wadai wanagawana kinachopatikana, na sehemu kubwa ya deni linalobaki inafutwa. Kwa Sura ya 13, mwenye kipato cha uhakika anabaki na mali yake na kulipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, mahakama ikisimamia. Ombi likishapokelewa mahakamani, wadai wanatakiwa kuacha mara moja kupiga simu, kukamata mali na kukata mishahara. Si kila deni linafutika. Matunzo ya watoto hayaguswi, na mikopo ya elimu ni migumu mno kuifuta. Mwaka 2005 Bunge lao liliikaza sheria hiyo kwa kuweka kipimo cha kipato na kumtaka mwombaji apate kwanza ushauri wa mikopo, kwa sababu hata huko lilikuwepo kundi kubwa lililoamini kuwa watu wanakopa huku wakijua mahakama itawafutia.

Sisi tunayo Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Inamruhusu hata mdaiwa mwenyewe kuomba atangazwe kuwa amefilisika, lakini ombi linakwenda Mahakama Kuu, na usimamizi wa mali unahusu RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo wengi wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Mama anayeanika dagaa Igombe na kudaiwa shilingi laki nane na wakopeshaji watatu hawezi kuitumia njia hiyo. Gharama ya wakili peke yake inaweza kukaribia deni lenyewe. Sheria ipo, ila ilitungwa ikimfikiria mfanyabiashara mwenye vitabu vya hesabu na ghala.

Kwa hiyo kazi halisi ya wakili wa mdaiwa hapa Mwanza haina uhusiano mkubwa na kufilisika. Kazi yenyewe ni kusoma mkataba ambao mteja alisaini akiwa amesimama.

Swali la kwanza ni leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji asiyepokea amana yuko daraja la pili na lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Weka hesabu mezani. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa ukomo huo unazaa riba ya shilingi 10,500 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 30 anachukua 90,000 kwa mwezi huohuo, na mara nyingi hataji neno riba. Anaandika fomu, usumbufu, faini ya kuchelewa, nauli ya afisa. Ukijumlisha vyote unaona kwa nini mtu analipa marejesho miezi minne na deni liko palepale. Wakopeshaji wa kwenye simu ni hivyohivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, lakini wadaiwa wengi hawajui kwamba wanaweza kuhoji uhalali wa anayewadai. Wanachojua ni aibu ya ujumbe uliotumwa kwa mama mkwe, mchungaji na mwalimu wa mtoto, wote wakiambiwa fulani ni tapeli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ujumbe wa namna hiyo ni ushahidi. Usiufute.

Swali la pili ni nani aliyekuja kubeba vitu, na kwa amri ya nani. Kwenye vyumba vya Mabatini na Igoma, vijana wa mkopeshaji wanaingia na kutoka na televisheni, godoro, jiko la gesi na mtungi wake, na majirani wanaamini hiyo ndiyo sheria. Kukazia hukumu ni kazi ya mahakama na dalali wake, na hata dalali ana mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayotumika kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi, pamoja na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, ikiwa hakuiweka rehani. Barua moja ya wakili yenye maneno hayo, ikipelekwa kwa mkopeshaji na nakala kwa mtendaji wa mtaa, imewahi kurudisha cherehani iliyokuwa inangoja mnunuzi. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Mtu akirudishiwa cherehani anaanza kulipa.

Swali la tatu ni gereza. Wadaiwa wengi huja wakiwa wametishiwa Butimba. Kifungo cha madai kipo kweli, na mdai ndiye anayegharamia chakula cha mfungwa wake. Lakini kabla ya kufika huko, mdaiwa anapewa nafasi ya kujieleza, na mahakama inaweza kukataa kumfunga ikiridhika kwamba hana uwezo wa kulipa kwa sababu ya umaskini. Pia inaweza kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Mtu asiyejua hayo hukimbilia Geita au visiwani, na kukimbia kwake ndiko kunakomfanya aonekane mwenye hila.

Sasa nije kwa wanaonipinga, kwa sababu wanastahili kusikilizwa.

Wa kwanza ni wakopeshaji halali. Wanasema: mkitufundishia watu namna ya kuchelewesha, tutaacha kukopesha wasio na hati ya nyumba. Hoja hii ina ukweli. Mwanamke anayeuza mboga Buhongwa hana kitu cha kuweka dhamana. Anakopesheka kwa sababu tu afisa mikopo anajua atampata. Ukimwondolea mkopeshaji kila njia ya kudai, huyo mama hatapata hata mkopo wa bei halali, naye atarudi kwa yule wa asilimia 30. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yenye mgao wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini haimfikii kila anayeihitaji. Mkopeshaji wa asilimia 3.5 tunamhitaji. Nachokataa ni kumwacha yule asiye na leseni ajifiche nyuma yake kila tunapotaka kurekebisha mambo.

Wa pili wanasema wadaiwa wanakopa bila akili. Wapo. Kuna anayekopa kwa ajili ya sare za harusi, kisha anakopa kwingine kulipa mkopo wa sare. Lakini mwenye kusema hivyo aende soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, aulize biashara ya dagaa inavyokwenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi inapumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Mvua nazo zikinyesha, mzigo ulioanikwa mchangani unaharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Marejesho ya kila wiki hayajui giza wala mbalamwezi. Kila Jumatatu mama anatakiwa alete elfu thelathini na tano, iwe mitumbwi imeingia ziwani au imelala. Wiki anayokosa ndiyo wiki anayokopa kwingine ili alipe hapa, na ndivyo mikopo mitatu inavyozaliwa kutoka mmoja. Hapo sioni ukosefu wa akili. Naona mkataba ulioandikwa na mtu anayelipwa mshahara, akadhani kila anayemkopesha ana tarehe ya mshahara. Naye mvuvi aliyepewa nyavu na injini na tajiri, kwa sharti la kumuuzia sangara kwa bei ya tajiri, deni lake halina hata karatasi ya kumletea wakili.

Wa tatu ndio wanaonikosesha usingizi, nao ni wanakikundi. Mikopo mingi ya pwani ya ziwa hutolewa kwa dhamana ya kikundi: watu watano au zaidi wanadhaminiana, mmoja akishindwa wengine wanachanga. Kwenye vikoba hali ni nzito zaidi, kwa sababu hela iliyokopwa ni hisa za wenzako, hela ambayo mwenzako alitegemea mwisho wa mzunguko alipie ada ya shule. Nikimtetea mdaiwa dhidi ya mkopeshaji asiye na leseni, moyo wangu umetulia. Nikimtetea asilipe kikoba, wanaoumia ni wanawake wanaofanana naye kwa kila kitu, isipokuwa kwamba wao walijibana wakalipa.

Hapo ndipo wanaotaka tuige tu sheria za nje wanapoteleza. Kenya imetupita: Sheria yao ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina utaratibu wa asiye na mali. Mwenye deni lisilopungua shilingi za Kenya 100,000 na lisilozidi milioni 4, asiye na mali wala uwezo wa kulipa, anaingizwa humo, na baada ya miezi 12 kwa kawaida anaachiliwa. Ni sheria ya kiungwana na natamani yetu ifanane nayo kwa wale waliokwama kabisa: wajane, wagonjwa, waliounguliwa na vibanda sokoni. Ila kanuni ya jumla ya sheria za kufilisika ni kwamba kumfungua mdaiwa hakumfungui mdhamini wake. Ilete hivyohivyo Kirumba uone matokeo. Mmoja anapewa karatasi ya mahakama, na Jumatatu inayofuata afisa mikopo anagonga milango ya wenzake wanne. Deni limehama mtaa tu.

Kwa maoni yangu, kinachotufaa zaidi kimejificha ndani ya ile Sura ya 13 ya Wamarekani. Mbali na kumpa mdaiwa mpango wa malipo, sheria hiyo inamzuia mdai kumfuata mdhamini wa deni la matumizi ya nyumbani kwa kadiri mpango unavyolilipa deni hilo. Mdai hapotezi haki yake, anangoja tu. Mdhamini analala. Mdaiwa ana sababu ya kulipa inayozidi hofu ya polisi, kwa kuwa akiacha kulipa, shoka linamwangukia jirani yake. Jambo hilo linaingia vizuri katika maisha yetu kuliko kufuta deni moja kwa moja.

Linabaki suala la ada ya wakili, na silipiti kimya. Huko Marekani mawakili wengi wa Sura ya 7 hudai malipo kabla ya kufungua shauri, maana wakingoja, ada yao nayo inaweza kufutwa pamoja na madeni mengine. Hapa kwetu sijaona namna ya haki ya kumdai laki tatu mtu aliyekuja kwa sababu ya laki tano. Wapo wanaomtoza, kisha wanaahirisha shauri mara nyingi huku riba ikipanda, na mteja anaondoka na deni lilelile pamoja na deni la wakili. Kazi kubwa ya kusoma mikataba, kuandika barua na kupiga hesabu za riba inaweza kufanywa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakili akabaki kwa yanayofika mahakamani. Najua baadhi ya wenzangu hawatapenda kusikia hivyo.

Kama Bunge litaigusa Sura ya 25, ningeomba mambo haya yaandikwe waziwazi: ombi la madeni madogo lisikilizwe katika mahakama iliyo karibu na mdaiwa, Mahakama Kuu ibaki na mashauri makubwa, mpango wa malipo ufuate msimu wa kipato cha mtu, wa dagaa kwa siku za giza na wa pamba baada ya mavuno, riba iliyozidi ukomo wa Benki Kuu ikatwe kabla deni halijahesabiwa, mdhamini asiguswe mpango ukiwa unalipwa. Na deni la kikoba lilipwe la kwanza, kabla ya benki, kabla ya kampuni, kabla ya wakili.

Hilo la mwisho benki zitalipinga. Zitasema hakuna sababu ya kisheria ya kumtanguliza mdai asiye na hata ofisi. Jibu langu ni kwamba benki ilipima hatari ya kutolipwa na kuiweka ndani ya riba. Wanakikoba hawakupima kitu. Walimpa mwenzao hela kwa sababu wanamjua, na wakikosa hawana akiba nyingine.