Abiria Mmoja Kashuka Kigamboni

Haya, kwa kuwa Mudi ameshawasimulia yale mashindano yangu ya pikipiki ya Kigamboni, na amesimulia vibaya, ngoja nisimulie mwenyewe. Naandika nimelala kifudifudi, sababu mtaijua huko mbele. Ile sauti aliyorekodi ya dakika nne imezunguka Tandika nzima, na jana usiku shemeji yangu wa Bagamoyo kanipigia kuuliza kama ni kweli nilishushwa na mlango wa basi. Si kweli. Mlango haukuwepo. Ilikuwepo pampu yake tu.

Mnamjua yule jamaa wa kijiwe cha bodaboda cha ng'ambo ya barabara. Pikipiki yake cc 150, yangu cc 150, lakini kila tukishindana kuondoka ananiachia vumbi. Mimi nikakaa nikajichunguza, nikaona ugonjwa hauko kwenye injini, uko kwenye mkono wa kushoto. Nikiachia klachi haraka, pikipiki inazima. Nikiachia taratibu, mwenzangu ameshafika anakunywa maji.

Sasa mimi usiku silali, naangalia video za mashindano ya Marekani, yale ya kunyoosha mstari mmoja wa mita 402 halafu basi. Wale wengi gia hawabadilishi kwa mguu. Wanabonyeza kitufe, valvu inafunguka, upepo unasukuma kipampu kidogo, gia inaingia, moto wa plagi unakatwa kidogo tu kiasi cha kupepesa jicho. Na wapo wanaofunga upepo kwenye klachi pia. Unabonyeza, upepo unaishika klachi kama mkono unavyoibana. Ukiachia kitufe, upepo unatokea kwenye kitundu kidogo na klachi inaachia kwa mwendo uleule kila siku, hata kama moyo wako unadunda kama ngoma ya mdundiko. Nikasema hii ndiyo dawa yangu.

Pale Gerezani, mtaa wa vipuri hapa Dar, kuna kila kitu. Nilikuta pampu ya kufungulia mlango wa basi la mkoani, basi lenyewe lilishakatwa likauzwa chuma chakavu. Mzee akaniuliza, "Kijana, basi lako aina gani?" Nikamwambia ni ya pikipiki. Akanitazama muda mrefu, akapunguza bei bila kuombwa.

Valvu yake ni ya volti 24, pikipiki yangu ina 12, kwa hiyo nikaunga betri mbili, ya pili nikaifunga kwa mpira pale anapokaa abiria. Mtungi wa upepo ulikuwa wa kuzimia moto, wa zamani, niliutoa unga wote (Mama bado anaufagia). Nikaufunga kwenye kerieri. Kitufe nilitumia swichi ya kengele ya mlango wa nyumba. Ukiangalia vizuri, ile mashine nzima ilikuwa ya milango.

Kilichobaki ni waya wa klachi. Ulikuwa mrefu, nikaukata, na kwa kuwa ukikata waya unapoteza kile kirungu cha mwisho kinachoushikilia, nikatengeneza kirungu kingine kwa risasi ya kuyeyusha na ile pasi ninayochomelea redio. Kilikuwa kizuri, kinang'aa. Kishikeni akilini hicho kirungu.

Mkono wa klachi kwenye usukani sikuutoa. Niliuacha pale ukiwa haujaungwa na kitu chochote, kwa ajili ya urembo.

Jaribio la kwanza tulifanyia uani. Babu Pancha, fundi wetu wa tairi, alijaza upepo kama wa tairi, psi 30. Nikabonyeza, klachi ikashika. Nikaachia, pshhh, klachi ikaachia laini kama siagi. Kuku wakakimbia. Mama akauliza kutoka jikoni, "Nani kaja na basi?" Siku ile nilikula ubwabwa kwa raha ambayo sijawahi kuipata.

Jumamosi tukavuka na pantoni, tukaenda kwenye ile barabara ya viwanja Kigamboni ambayo lami ipo na nyumba bado. Dau lilikuwa kreti moja ya soda. Babu Pancha alikuja na kompresa yake juu ya bajaji, alisema hawezi kukosa. Akashika mpira, akaniuliza, "Nijaze ngapi?"

Jamani. Ningejibu thelathini leo ningekuwa nimekaa kwenye kiti.

Nikamjibu, "Babu, leo ni mashindano. Jaza mpaka iseme."

Ilisema 120.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, maana Mudi alishatangaza. Alikuwepo muuza madafu na baiskeli yake, kaiegesha mbele kidogo pembeni, madafu yamepangwa kama piramidi. Watoto wamekaa kwenye rundo la mchanga. Kofia ngumu niliazima, ni ile ya abiria, kichwa cha mwenyewe ni kikubwa kuliko changu.

Nikapanda. Dole gumba la kushoto kwenye kengele. Nikabonyeza, pampu ikavuta *kwaa*, kwa hasira ambayo uani haikuwa nayo. Nikadhani ni morali. Nikaingiza gia ya kwanza, pikipiki ikatulia tuli. Na hapa niseme ukweli ambao Mudi hajausema kwa sababu alikuwa mbele hakuona vizuri: vile vidole vyangu vinne vilivyobaki nilivinyoosha hewani, kama bibi harusi anayeonyesha pete, ili jamaa aone kwamba mimi klachi siishiki.

Mudi akainua kitambaa cha kufutia oili. "Moja!"

Nikapiga resi. Injini inalia mpaka mwisho. Jamaa kanitazama mkono, katoa macho. Wallahi, zile sekunde mbili zilikuwa tamu.

"Mbili!"

Nikasikia *tk*.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama fundi cherehani anavyokata uzi kwa meno. Kile kirungu changu kinachong'aa kilichomoka kwenye waya, na klachi yote, ambayo ilitakiwa iachie laini kama siagi, ikaachia kwa mkupuo mmoja, injini ikiwa juu kabisa.

Kitu cha kwanza kuona ni gurudumu la mbele. Lilipita mbele ya uso wangu likielekea juu, taratibu, bado linazunguka kidogo, nikaona mpaka kipande cha jojo kilichonasa kwenye tairi. Cha pili, vile vidole vinne vya bibi harusi vikakumbuka kazi yao ya zamani. Vikaukamata mkono wa klachi kwa nguvu zote. Ukaja. Ukaja mwepesi, bila ubishi wowote, kama mlango wa choo usio na komeo. Nikauvuta tena, maana mtu akiwa hewani haamini mara moja. Ukaja tena.

Cha tatu kofia ikanishukia usoni. Kuanzia hapo nilikuwa nasikia tu.

Wale wenzetu wa Marekani hufunga nyuma ya pikipiki vyuma virefu vyenye vigurudumu, ili ikiinuka isipinduke. Mimi nilikuwa na kerieri. Niliisikia ikigusa lami, *krrrr*, na harufu ya cheche. Halafu tandiko likaondoka chini yangu kwa heshima kabisa, kama mtu anayekupisha.

Mudi anasema nilianguka. Sikuanguka. Nilikaa. Nilikaa kwenye lami ya Kigamboni saa nane mchana wa jua kali, miguu imenyooka mbele, mikono bado imeshika usukani ambao haupo, na wa kulia bado nazungusha mafuta. Hiyo ndiyo picha inayozunguka. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, niliendelea kuzungusha.

Pikipiki ikatembea yenyewe kama hatua kumi na tano, ikayumba, ikachagua, katika barabara yote ile tupu, baiskeli ya madafu. Dafu moja likabingirika mpaka likanigusa unyayo. Kimya. Halafu kule ilikolala pikipiki mpira wa upepo ukachomoka kwenye mtungi:

PSHHHHHHHHH.

Ndefu. Ile yenyewe kabisa ya mlango wa basi kituoni. Ikaendelea, ikaendelea, watu wote wanasikiliza, hakuna anayesema kitu, na ilipokata, mtoto mmoja juu ya mchanga akatangaza kwa sauti safi:

"Mwendokasi imeshusha!"

Basi. Kuanzia hapo sina la kusimulia, walilala chini wote. Babu Pancha alishikilia bajaji ili asidondoke. Muuza madafu peke yake ndiye aliyenifuata, akanivua kofia, akasema, "Pole sana kijana." Nikamwambia, "Ahsante mjomba." Akasema, "Haya, tuhesabu." Yalipasuka kumi na saba, tumeshamalizana.

Jamaa naye dai lake la kreti nimelikataa. Yeye alishtuka pikipiki ikazima palepale kwenye mstari, na mimi niliondoka. Kwamba niliondoka kwenye "mbili", na kwamba mimi na pikipiki tuliondoka kila mtu kivyake, hayo ni ya kujadili.

Tumesukuma mpaka pantoni, tumevuka, kila aliyeniona nimesimama wakati viti vipo aliniuliza kwa nini sikai. Hospitali wamesema mfupa haujavunjika, nipumzike wiki mbili. Mpwa wangu wa kidato cha pili kaniletea daftari kitandani: pampu ina kipenyo cha sentimita 4, zidisha eneo lake kwa psi 120, unapata mvuto wa kilo 100 na ushee. "Anko, ni mifuko miwili ya saruji umeining'iniza kwenye waya wa klachi. Mkono wa kwenye injini ukifika mwisho unagoma, ila pampu haijui, inaendelea kuvuta." Nikamuuliza na psi 30? Kama 26. Nusu mfuko. Nikamwambia aende akacheze.

Waya mpya nimenunua, wa dukani, na kirungu chake. Mtungi Mama kauchukua, hasemi kaupeleka wapi. Pampu ya mlango nauza, anayeitaka aje Tandika aulizie Mwendokasi. Inafanya kazi vizuri sana, mashahidi wapo Kigamboni.