Nilivyomjazia Mzee wa Watu

Mimi ndiye niliyemwambia yule mzee avute subira. Nakiri mapema, maana hilo linaniuma kuliko hela.

Nilifika kwenye nguzo ya kuchajia magari ya umeme, betri ya gari langu ikiwa na asilimia 11. Ni zile nguzo za umeme wa polepole, soketi mbili, huku moja na huku moja, na kebo unakuja nayo mwenyewe kama mtu anayekwenda kisimani na ndoo yake. Upande mmoja gari la mzee lilikuwa limeshachomekwa, na mwenyewe kasimama mbele ya nguzo anaigusagusa kwa pochi. Si kadi, ni pochi nzima, imevimba. Kila akigusa, nguzo inawasha taa nyekundu na kulia kwa jeuri.

"Shikamoo mzee. Inagoma?"

"Marahaba. Haigomi, inanidharau. Robo saa nzima naibembeleza!"

Nikacheka kicheko cha mjuzi. "Vuta subira, mzee wangu. Hivi vitu havitaki pupa. Hebu nianze mimi uone."

Kwenye simu nilikuwa na programu nne za kuchajia. Nguzo hii, kama ilivyo ada ya nguzo zote ninazokutana nazo na betri ndogo, ilitaka ya tano. Nikaipakua. Ikataka nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Nikaweka, ikasema ni dhaifu. Ikanitumia namba za uthibitisho, na nilipomaliza kuziandika zikawa zimeshapitwa na wakati. Mwisho ikazuia pesa za dhamana kwenye akaunti yangu ya benki, kabla sijaonja hata uniti moja. Mzee alikuwa begani kwangu muda wote, anaguna kila hatua kama anayesikiliza hadithi ya jini.

Kwenye nguzo kulikuwa na stika mbili za msimbo, kila moja na soketi yake, lakini mishale ya kuonyesha ipi ni ya wapi ilikuwa imeliwa na jua. Nikachomeka kebo yangu, nikachagua stika moja kwa kufuata moyo, nikaskani, nikabonyeza "Anza".

Klak! Taa ya upande wa mzee ikageuka buluu. Ya kwangu ikabaki kijani, rangi ambayo mimi tangu utotoni naijua kuwa ya mambo mazuri.

"Imekubali!" mzee akapiga makofi. "Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Simu yangu nayo ikaandika: "Unachaji. Kilowati 11." Tukapeana mikono. Nikamwambia, naomba Mungu anisamehe, kwamba pengine nguzo ilikuwa inataka tu mtu anayeielewa. Mzee akaenda zake kunyoosha miguu. Mimi nikalaza kiti, nikalala usingizi wa mwenye nyumba.

Nikaamshwa na simu: "Hongera! Gari lako limejaa."

Muda si mrefu! Saa moja na dakika 40! Nikalisifu gari, nikajisifu mimi niliyelinunua, nikalala tena. Betri yangu ni ya kilowati-saa 50. Kutoka asilimia 11 hadi ijae inahitaji zaidi ya 44, na kwa kilowati 11 hizo ni saa nne. Hesabu ya darasa la tano. Lakini nani anapiga hesabu wakati anasifiwa?

Safari ya pili niliamshwa na ngumi kwenye kioo. Mzee.

"Kijana, njoo uisemeshe, wewe inakusikia. Gari limejaa, lakini kebo yangu imeng'ang'aniwa. Na mbona sioni pa kulipia?"

Nikatoka, nikatazama dashibodi kupitia dirishani. Asilimia 11. Nikatazama taa yangu: kijani, yaani "karibu, niko huru". Nikafungua simu: kilowati-saa 18.4, na chini yake mstari mwekundu wa faini ya kuegesha. Gari likijaa, kila dakika unayoendelea kuiziba soketi inalipiwa. Dakika 30 nimelipa ili gari la mtu mwingine lipumzike.

"Mzee," nikasema, na sauti haikuwa tena ya mjuzi, "umeme uliomo kwenye gari lako ni wangu."

Nikabonyeza "Simamisha". Klak! Kebo yake ikaachiwa. Hizo nguzo huibana kebo isiibiwe, na ile haikuwa tayari kuiachia mpaka aliyeianzisha aseme. Yaani mzee wa watu alikuwa mateka wangu, nami nakoroma.

Alicheka mpaka akashika boneti. Kisha akanyooka. "Deni silali nalo. La kwako nalilipa mimi." Akatoa ile pochi, akaigusa kwenye nguzo. Nyekundu.

Ndipo nilipoona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. "Mzee, humo mna kadi ngapi?"

"Saba, nane hivi."

"Toa moja tu. Zikiwa pamoja zinaitikia zote kwa mpigo, mashine haijui imsikilize nani."

Akatoa moja, akaigusa. Klak! Buluu, safari hii upande wangu. Tukapeana mikono tena, mzee akafungua mlango wa gari lake aondoke.

Kioo cha nguzo kikawaka maandishi: "Ili kumaliza na kutoa kebo, gusa kwa kadi iliyotumika kuanzisha."

Tukaisoma wote wawili, kimya.

Mzee akafunga mlango wake taratibu, akaja kuketi kwenye kiti changu cha abiria, akakilaza nyuma. "Itachukua saa ngapi kujaa hiyo yako?"

"Saa nne hivi, mzee."

"Niamshe," akasema, akajifunika kofia usoni.

Mimi sikufumba jicho. Nilikaa naikodolea taa.