Baba Nane

Dada wa dirishani alinisukumia fomu ya mtoto bila kuniangalia. Jina, nikajaza. Jinsia, nikajaza. Tarehe ya kuzaliwa, kalamu haikusita hata kidogo: 5 Februari 2011. Akaipitia juujuu, akanyanyua macho kwa mara ya kwanza, akasema, "Hongera baba. Wenzako wote hapa lazima wapige simu nyumbani kwanza." Nikapokea sifa kwa unyenyekevu, nikarudi benchi kusubiri kuitwa tena. Moyoni najisemea, dada yangu, ungejua tarehe hiyo naikumbuka kwa ajili gani, hongera yako ungeichukua.

Mimi ni shabiki wa Arsenal. Najua kuna watu wameshaanza kucheka. Chekeni, nasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Siku binti yangu anazaliwa, Arsenal walikuwa ugenini kwa Newcastle. Mimi niko kwenye benchi la hospitali, sikio moja lina waya wa kiredio, sikio la pili nimemwachia mke wangu. Nesi hajafunga mlango vizuri, Walcott wetu kaweka la kwanza. Dakika ya kwanza hiyo, watu hawajakaa! Dakika ya tatu Djourou, beki, kapiga kichwa, la pili. Van Persie la tatu dakika ya kumi, na ya ishirini na sita la nne. Nne bila, ugenini, mke yuko leba, na mimi nimesimama katikati ya korido natabasamu mwenyewe. Wapita njia walinionea wivu. Walidhani ni furaha ya mtoto.

Wakati wa mapumziko nikaitwa ndani. Mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya kocha aliyenyimwa penalti. Mke wangu kachoka, jasho linamtiririka, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Umemwona?" Nikamjibu, "Nimemwona mama, halafu tunaongoza nne." Akafumba macho. Nilidhani ni usingizi.

Nikatoka nimalizie kipindi cha pili. Jamani. Dakika ya hamsini Barton wa Newcastle kamkwatua Diaby wetu, Diaby badala ya kuinuka aendelee na maisha yake, kamkamata mwenzake shingoni. Kadi nyekundu. Penalti, Barton. Leon Best la pili. Penalti tena, Barton tena. Mimi natafuta ukuta wa kuegemea. Dakika ya themanini na saba mpira unarudishwa nje ya boksi, unamkuta Cheick Tioté, Mungu amrehemu, kijana wa Ivory Coast. Akaupiga hukohuko hewani kwa mguu wa kushoto. Nne-nne. Miaka yote aliyocheza Newcastle lile ndilo goli lake pekee. Yaani mtu ana goli moja kwenye akiba, na kaamua kulitoa siku yangu! Na jioni hiyohiyo vinara Manchester United, ambao walikuwa hawajafungwa kwenye ligi msimu mzima, wakaenda kupigwa 2-1 na Wolves. Tungekuwa tumewasogelea kweli.

Nesi alinikuta nimejiinamia, mikono kichwani, machozi yanadondoka kwenye viatu.

"Baba, usilie. Mtoto mzima, mama mzima."

"Najua sista. Ni Diaby."

"Diaby ni nani? Mtoto wako mwingine?"

Sasa mtu mwenye uchungu hapimi maneno. Nikamjibu, "Huyo ndiye aliyeniua."

Nesi akaenda kwa mke wangu na upole wake wote wa kazi, akamwambia, "Mama, mvumilie mzee, ana msiba wa mtoto wake mkubwa, Diaby." Mke wangu, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza saa moja iliyopita, akakaa kitako kitandani. Nesi anasema katika miaka yake ya kazi hajawahi kuona mzazi anapona haraka namna ile. Kesho yake ilibidi nimpelekee gazeti, nimwonyeshe na picha, huyu hapa Diaby, Mfaransa, umri wake ishirini na nne, mimi ningemzaa saa ngapi?

Kwa hiyo ndiyo, tarehe ya mtoto naijua.

Ya ndoa naijua pia. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa anawaringia wenzake: wanaume zenu wanasahau, wangu hajawahi. Na kweli, kila mwaka nilikuwa wa kwanza kumwamsha. Mpaka siku moja akanifuma mbele ya kalenda nanong'ona, "Fainali tarehe 17, toa nne, kumi na tatu." Akauliza fainali ipi. Nikakosa pa kujificha.

Fainali ya Paris, mama. 17 Mei 2006. Siku ya nne tangu tufunge ndoa. Bibi harusi wangu alivaa jezi ya Arsenal usiku ule kwa hiari yake mwenyewe. Hajairudia tena. Nilikuwa nimemhakikishia kwamba hawa jamaa wamecheza mechi 10 mfululizo za Ligi ya Mabingwa Ulaya hawajafungwa hata goli moja, kwa hiyo akae kwa amani. Dakika ya kumi na nane kipa wetu Lehmann kamwangusha Eto'o wa Barcelona nje ya boksi. Nyekundu. Lazima aingie kipa mwingine, Almunia, na lazima mchezaji mmoja wa ndani atoke. Kibao kikainuliwa: Robert Pires. Kasimama anaangalia benchi kama mtu aliyesikia jina lake linatajwa kwenye kesi ya jirani.

Mke wangu, ambaye mpira alikuwa anauona kwa mara ya kwanza maishani, akauliza, "Huyu mwenye ndevu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa anatolewa kwa nini?"

"Kwa sababu yule kipa kafanya."

Akatafakari. Nimewasikiliza wachambuzi miaka yote hii, wenye suti na mishale yao kwenye skrini, na sijasikia uchambuzi ulioizidi kimya ile. Sol Campbell akatupa goli la kichwa, nikaruka, nikamwinua bibi harusi. Kisha Eto'o dakika ya 76, Belletti dakika ya 80, Barcelona wakabeba. Nililala nimegeukia ukutani. Siku ya nne ya ndoa!

Ila Pires hakutoka nyumbani kwetu tangu usiku ule. Nikisahau kulipia umeme, tukakaa gizani wote, sauti inatoka upande wa pili wa sebule: "Pires kafanya nini?" Nikichelewa kurudi na watoto wamemgoma mama yao kulala: "Haya, Pires katolewa tena." Sina jibu. Mwaka wa ishirini huu natafuta jibu.

Hilo jina la Baba Nane mlilosoma hapo juu mnataka kujua limetoka wapi. Limetoka siku tuliyohamia nyumba hii, Jumapili ya 28 Agosti 2011. Kitu cha kwanza kuingia ndani kilikuwa televisheni, kabla hata ya godoro, maana tulikuwa Old Trafford, kwa Manchester United. Nikawa nabeba vyombo huku nachungulia. Tukiwa nyuma moja tu tukapata penalti, nikaweka ndoo chini, van Persie akapiga, De Gea akadaka. Nikabeba ndoo yangu. Sasa sikilizeni hili: nilitoka kulifuata kabati dakika ya 64 Rooney kashafunga la nne. Kabati zito, linakwama mlangoni, tunalilaza, tunalisimamisha. Nilipolitua chumbani ilikuwa dakika ya 70 na wameongeza mawili, la Nani na la Park. Kabati moja! Nikawaambia vijana wa gari vitu vilivyobaki viacheni nje, kila ninachoingiza kinakuja na goli.

Nane-mbili. Baada ya filimbi jirani mpya akaja kutukaribisha, mtu mwenye heshima zake, shati jekundu, nikajua moja kwa moja. "Karibuni sana jirani. Mimi wa hapo pembeni. Tukuite Baba nani?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, "Au Baba Nane?" Akacheka mpaka akashika ukuta wangu. Watoto wa mtaa wanaonisalimia kwa jina hilo leo walikuwa hawajazaliwa siku hiyo. Wanajua ni jina la ukoo.

Klabu iliwaahidi mashabiki waliosafiri siku ile tiketi ya bure ya mechi nyingine. Yaani mtu kapigwa, unamfidia kwa kumwalika aje tena.

Jirani huyohuyo ana tatizo jingine siku hizi. King'amuzi chake kinatangulia changu kwa sekunde kama sita hivi. Mpira kwangu bado uko miguuni mwa kipa, hata haujapigwa, kwake watu wameshashangilia. Naangalia shambulizi huku najua mwisho wake. Akinyamaza, napata matumaini. Akikohoa, naanza kusali. Nimejaribu kuongeza sauti nisimsikie, mke wangu akaipunguza. Nimejaribu vidole masikioni, nikashindwa kushika rimoti.

Na hata goli likiwa letu, furaha ya siku hizi inakuja kwa awamu. Zamani goli ni goli: refa katazama katikati, wewe umeshatoka mpaka uani. Sasa unaruka, unasimamia hewani, unashuka taratibu, unakaa, unaangalia video inapima kwapa la mshambuliaji. Dakika tatu baadaye wanasema ni goli halali. Sasa niruke tena? Kwa magoti haya? Nashangilia nikiwa nimekaa, kama mtu anayepokea ujumbe kwamba mafuta yamepanda.

Ingawa kusema kweli wale waamuzi wa bila video nao tumewaona. Machi 2014, mechi ya 1,000 ya kocha wetu Wenger, Stamford Bridge kwa Chelsea. Oxlade-Chamberlain kauzuia mpira kwa mkono, refa kamtoa mwenzake Gibbs. Chamberlain anamwambia refa, ni mimi. Refa anasema huyuhuyu, nje. Sita bila. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nikamtwanga makofi mawili ya mgongoni mpwa wangu kwa kikombe alichovunja kaka yake. Sauti ya mke wangu ikatoka jikoni, safari hii imebadilisha jina: "Umemtoa Gibbs!"

Lakini haya yote mimi nayasamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni siku ya furaha.

Tulikaa miaka tisa bila kombe. Tisa! Tangu Mei 2005. Timu iliyomaliza ligi 2004 haijafungwa, ikafikisha mechi 49, sasa tukawa tunashangilia nafasi ya nne kwa ngoma na vigelegele. Hatimaye fainali ya Kombe la FA, Wembley, na Hull City. Nikaangalia kalenda: 17 Mei 2014. Tarehe ileile ya Paris. Tumbo likanishika. Dakika ya nne, Hull wamefunga. Dakika ya nane, la pili. Nikaona hawa nawajua, hawa nimeishi nao. Nikampa mke wangu rimoti, nikasema weka tamthilia yako, nikaenda kulala.

Usiku nikasikia mlango unagongwa. Jirani. "Baba Nane! Baba Nane, hongera!" Nikamjibu kutoka chini ya shuka, jirani, kila siku nakuvumilia, leo naomba heshima, niache nipumzike. Akagonga tena, akakata tamaa, akaenda.

Asubuhi nakuta mke wangu sebuleni anasinzia, sauti imemkauka. Nikamuuliza unaumwa? Akasema, "Ramsey."

"Ramsey kafanya nini?"

"Dakika ya 109. Giroud kampa kwa kisigino." Kisigino! Mwanamke ambaye alikuwa ananiuliza kwa nini kipa anavaa rangi tofauti. Hakubadilisha hata chaneli. Kaona Gibbs, Gibbs yuleyule, anaokoa la tatu mstarini, kaona faulo ya Cazorla inaingia, kaona Koscielny anasawazisha, kaona kombe linanyanyuliwa. Nikamuuliza mbona hukuniamsha? Akasema, "Ulisema unawajua."

Ya 2015 na 2017 niliyaona kwa macho yangu, sikatai. Lakini lile la kukata kiu ya miaka tisa, shahidi wa nyumba hii ni yeye. Wageni wakija tukaanza stori za mpira, nikifika 2014 anaweka mkono begani kwangu na kusema, "Hapo niachie mimi."

"Baba!" Dada wa dirishani ananiita. "Kuna sehemu umeruka. Tarehe ya kuzaliwa ya mama wa mtoto."

Nikaishika kalamu. Nikaanza kutafuta. Nikapita viwanja vyetu, Highbury mpaka Emirates, nikapita Anfield, nikarudi Paris. Nikajaribu sare. Nikajaribu hata mechi za kirafiki. Dada ananiangalia, foleni nyuma yangu inahema. Nikatoa simu, nikageukia ukutani, nikanong'ona, mama watoto, samahani, hivi wewe ulizaliwa lini?

Kimya. Nikasikia mlango unafungwa, kiti kinavutwa, mtu anakaa.

"Kwani siku hiyo," akasema, "hakukuwa na mechi?"