MC wa harusi apimwe kwa maswali anayouliza

Katika vikao vya kamati za harusi nilivyohudhuria hapa Dar es Salaam, suala la chakula huchukua jioni nzima, la mapambo jioni nyingine, na la mshereheshaji dakika tano. Mjumbe mmoja hutoa simu na kuonyesha kipande cha video, watu hucheka, mweka hazina huuliza bei, kisha tunahamia kwenye vinywaji. Naona tunakosea, kwa sababu MC ndiye tunayemkabidhi ukumbi mzima kwa saa tano, pamoja na heshima ya koo mbili ambazo pengine hazijawahi kuketi pamoja.

Funzo hilo nililipata kwenye harusi ya mtoto wa mama mdogo. MC tuliyemchukua alikuwa mcheshi kwelikweli, na hadi maharusi wanaingia watu walikuwa wameshacheka mpaka machozi. Ulipofika utambulisho akapaza sauti: "Sasa namwomba baba mzazi wa bwana harusi asimame, amshike mama mkono, na asimwachie!" Baba mdogo alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mama mdogo alikuwa ameshasimama, peke yake, akikunja na kukunjua kitambaa chake cha mkononi, huku DJ, ambaye naye hakujua lolote, akiwa ameshaachia muziki. Mjomba akainuka kutoka meza ya pili, akaenda akamshika dada yake mkono, na ukumbi ukapiga makofi ukidhani huyo ndiye mume.

Yule kijana simlaumu sana. Hakuuliza, nasi wanakamati hatukumwambia. Orodha ya majina tulimpa mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha ya mchango. Lakini tangu siku hiyo, MC akiletwa mbele ya kamati nasubiri kusikia atatuuliza nini. Anayeijua kazi yake huomba kuonana na wazazi wa pande zote mbili, huuliza nani ametangulia mbele ya haki, nani wameachana na hawapendi kuwekwa meza moja, mshenga ni nani, na jina la bibi linatamkwaje. Anayeuliza tu malipo ya awali yatalipwa lini, mimi humwogopa.

Utani nao unataka uangalifu kuliko tunavyodhani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita karne ya 19, leo ni watani, na Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yatageuka tusi. MC anayerusha dongo kwa kabila lolote lililomo ukumbini, bila kujua nani mtani wa nani, anatumia ruhusa asiyopewa. Hali kadhalika kwa mila: familia ya Kichagga inapoingiza ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa, huo si wakati wa kumgeuza mbuzi kichekesho cha robo saa. (Kwa sherehe za wanawake peke yao, kama zilivyo nyingi za Waislamu wa pwani, sioni mjadala wowote: atafutwe mshereheshaji mwanamke.)

Halafu kuna muda. Ukumbi umekodiwa hadi saa sita usiku, na utambulisho wa wajomba, mashangazi, majirani na wafanyakazi wenzake bwana harusi unaweza kuumeza usiku wote. Nimewahi kuona chakula kikifunguliwa saa nne na nusu, wazee wakisinzia vitini na wageni wanaokaa mbali wakiondoka kimyakimya kabla ya kutoa zawadi. MC mwenye ujasiri humwambia mwenyekiti wa kamati mapema kwamba orodha ipunguzwe, hata kama mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeijaza.

Harusi iliyofuata kwetu tulimpata wa namna hiyo. Alikuja kikaoni na daftari, akakaa na mama wa bibi harusi, mjane naye, karibu saa nzima, na bei yake ilimfanya mweka hazina aguneguna hadi siku ya harusi. Usiku ule alisema tu: "Mama yetu huyu hapa, na pembeni yake kaka yake, aliyesimama mahali pa baba." Tulikula saa tatu. Vichekesho vyake, nikiri, vilikuwa vya kawaida.