"Hawa ndivyo walivyo"

Mdogo wangu ana miaka 34, ana ndevu, na ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili. Mwaka juzi alianza kujipiga makofi shavuni, la kushoto tu, usiku kucha. Akakataa hata wali wa nazi, na kwetu hiyo ni hatari tosha. Nikampeleka hospitali. Daktari hakunyanyuka kitini. Aliniuliza mimi, "Mtoto anasumbuliwa na nini?" Kabla sijamaliza kueleza akasema, "Hawa ndivyo walivyo." Tukarudi nyumbani na dawa ya kumtuliza.

Wiki mbili baadaye, tabibu wa meno wa zahanati moja alichuchumaa mbele yake, akamwita kaka, akapanua mdomo wake mwenyewe kwanza, kisha akampa kile kioo kidogo akishike. Mdogo wangu akapanua. Gego limeoza, fizi imetunga usaha. Zoezi zima halikufika dakika kumi.

Tangu hapo kauli ile naiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Watu wenye sindromu ya Down hupata sana matatizo ya tezi ya shingo: mtu ananenepa, analegea, anasinzia mchana, nasi tunasema ni hali yake, kumbe kipimo cha damu kingetuambia. Ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, nao huwawahi, wengine hata kabla ya miaka 50. Lakini asiyeitika akiitwa huenda ana nta tu masikioni. Nani amechungulia?

Uingereza, kijana Oliver McGowan, mwenye usonji, alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 18, baada ya kupewa dawa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Sheria ya 2022 ikalazimisha watoa huduma wafundishwe kuhusu wagonjwa kama yeye. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010, nzuri kuisoma. Ila mtu akishavuka umri wa kliniki ya watoto, anaunganishwa kwenye foleni ya wote na kupewa dakika zilezile za wote.

Mimi nimenunua daftari la shule. Tunakwenda nalo kila hospitali, na yeye ndiye anayelikabidhi kwa daktari. Ukurasa wa kwanza: "Usiniambie ninyamaze. Nikijipiga shavu, angalia meno. Nikikaa kimya siku nzima, naumwa."